Fundi Anajibu: Betri imeandikwa 9900, mbona tochi haifiki usiku wa manane?

Mwezi huu meseji za betri za tochi zimezipita za friji na za inveta, sijui ndo umeme kukatika au ni hizi tochi za kichwani zilizojaa kila duka. Nimechagua chache ambazo zimebeba maswali ya wengi, kwahiyo kama la kwako halipo soma la mwenzio, jibu lako lina uwezekano mkubwa limo humohumo.

Shikamoo fundi. Mimi ni mlinzi wa usiku. Nilinunua tochi Kariakoo ina betri mbili za kuchaji, zile nene kuliko za redio, zimeandikwa 18650 9900mAh 3.7V. Naingia lindo saa kumi na mbili jioni, nikiiwasha mfululizo kwenye mwanga wa kati haimalizi masaa mawili imeshafifia. Nilirudisha dukani, jamaa akatoa mita akapima mbele yangu ikasoma 4.15, akasema betri nzima kabisa, tochi ndo inakula sana. Nani mkweli hapo? (Mlinzi, Tabata, Dar es Salaam)

Marahaba. Mita ya huyo jamaa haikudanganya, ila alipima kitu ambacho wewe hukumuuliza. Volti zinakuambia betri imejaa au haijajaa, hazikuambii ni kubwa kiasi gani. Dumu la lita tano na la lita ishirini yote yakijaa maji yanafika shingoni, na ukichungulia kwa juu huwezi kujua lipi ni lipi mpaka uyamwage. Betri yoyote ya lithiamu ya aina hiyo, iwe feki iwe orijino, ikijaa inasoma volti 4.2 au chini yake kidogo, kwahiyo hiyo 4.15 hata betri ya hovyo kuliko zote Kariakoo ingeitoa bila shida.

Sasa tuje kwenye namba. 18650 ni vipimo vya mwili wake: milimita 18 unene, 65 urefu, na sifuri ya mwisho inamaanisha ni ya mviringo. Kwenye bati la ukubwa huo ndo viwanda vikubwa vya Japani na Korea, wakina Panasonic, Samsung na LG, vimekuwa vikibanana kuongeza chaji kidogokidogo tangu Sony walipoanza kuuza betri za lithiamu za kuchaji mwaka 1991, na miaka yote hiyo, na pesa zote hizo, seli zao (yaani betri moja moja) zinazouzwa sana zinaishia kwenye 3500 mAh hivi. Wapo waliosogea mbele kidogo siku hizi lakini hakuna aliyefika hata karibu na 9900. Ukiona 18650 imeandikwa 6800, 9900, 12000, usipoteze muda kujiuliza kama ni kweli, jiulize tu humo ndani kuna ngapi.

Na hata bila kifaa chochote saa yako imeshakujibu. mAh ni mili-ampea mara masaa, yaani 9900 ingetoa ampea moja kwa karibu masaa kumi. Tuseme tochi yako ni mlafi kweli, inakula ampea mbili nzima kwenye mwanga wa kati (na ingekuwa hivyo ungekuwa unaisikia moto mkononi), betri moja tu ya 9900 ingekupeleka karibu masaa matano, na wewe unazo mbili. Haimalizi mawili. Tochi haina kosa.

Kwanini wanaandika hivyo? Kwasababu ganda la nje ni plastiki tu, linachapwa chochote, na mnunuzi akiona 3000 na 9900 kwa bei moja anachukua 9900. Ndani unakuta seli mpya lakini ya daraja la chini kabisa, au seli iliyotoka kwenye betri ya laptop iliyokufa ikavalishwa ganda jipya, au ile inayoniudhi zaidi, kiseli kidogo kimefichwa ndani ya bati kubwa na nafasi iliyobaki imejazwa unga.

Kwa wewe ambaye huna vifaa, dawa ya kwanza ni mizani. Seli ya 18650 ya ukweli ina gramu 45 mpaka 49, maana chaji inakaa kwenye bati lililosokotwa shaba, alumini na unga wa metali, na hivyo vitu vina uzito, huwezi kuwa na chaji nyingi kwenye kitu chepesi. Feki nyingi zinasoma thelathini na kitu, nyingine hazifiki hata thelathini. Mizani ya muuza sukari haitakusaidia, tafuta ile ndogo ya kidijitali ya jikoni au muombe sonara dakika moja. Ila uelewe uzito unamkamata mwongo mvivu tu, seli kuukuu ya laptop ina gramu zilezile za mpya, na huyo mpaka umpime kwa kutoa chaji, ndo swali linalofuata.

Sasa fundi. Mimi ni fundi wa simu hapa Kisumu, wateja wananiletea betri za spotlight kila siku wanauliza kama ni fake. Zile mashine za kupima capacity sina, niko na multimeter tu ya bei rahisi. Kuna njia? (Fundi simu, Kisumu)

Poa sana. Njia ipo na ni ya kizamani kuliko hizo mashine: unaijaza betri kabisa, unaifungia kitu kinachokula umeme kwa kiasi unachokijua, unaangalia saa. Ampea mara masaa, basi. Hata mashine yenyewe haifanyi kingine, tofauti ni kwamba inafanya hesabu badala yako.

Kitu cha kulia umeme nenda duka la spea za pikipiki ununue balbu ya stop, ile ya 12V 21/5W, ya waya ndani sio ya LED. Tumia upande wa 21W. Usiogope ile 12V, ukiifungia betri moja ya lithiamu itawaka nyekundu-nyekundu tu kama mkaa unaotaka kuzima, na itakula ampea moja hivi ama chini yake kidogo, ambayo ndo tunaitaka. Naipenda balbu kuliko rezista kwa jambo moja, volti zikishuka waya wa balbu unapoa na ukipoa ukinzani wake unapungua, kwahiyo ampea hazishuki haraka kama kwenye rezista, na hesabu yako inakuwa rahisi. Rezista nazo zinafaa, zile nyeupe za simenti, ohmu 3.9 au 4.7 wati 10, ila zinachemka sana usiziweke juu ya meza ya plastiki.

Fanya hivi. Jaza betri kwenye chaja mpaka taa igeuke, iache ipumzike nusu saa, pima volti uandike. Ikiwa chini ya 4.10 baada ya kupumzika basi ama chaja yako haijazi vizuri ama betri ina matatizo, tatua hilo kwanza. Weka betri kwenye kishikio, usiunganishe waya kwa soda moja kwa moja kwenye betri, joto la kifaa cha kusoda linaiumiza, na upande wa chanya ndo mbaya zaidi kwasababu kuna ka-plastiki ka kuzibia pale. Chanya ya betri iende kwenye mita, tundu la 10A, kutoka kwenye mita iende kwenye balbu, kutoka kwenye balbu irudi hasi.

Hapo kuna kitu kimoja cha kuangalia kweli kweli. Mita ikiwa kwenye tundu la 10A ni kama kipande cha waya tu. Ukishamaliza kupima ampea, ukasahau kuhamisha waya mwekundu, halafu ukagusa betri pande mbili ukidhani unapima volti, umepiga shoti seli ya lithiamu kwa mkono wako, na zile mita za bei rahisi nyingi tundu la 10A halina hata fyuzi. Kama una rafiki hapo jirani azima mita ya pili, moja ikae kwenye ampea na nyingine kwenye volti muda wote, usihamishehamishe.

Anza saa. Kila robo saa andika ampea na volti za betri (volti upime pale pale kwenye betri balbu ikiwa inawaka, sio umeichomoa). Zikifika 3.0 chomoa. Usisubiri balbu izime yenyewe, hiyo itakuwa imeshashuka chini ya pale seli inapoanza kuharibika, na kile unachoacha kati ya 3.0 na 2.5 ni asilimia chache tu kwa ampea hizo. Baada ya kuchomoa volti zitapanda tena zenyewe mpaka 3.2 au 3.3, hiyo ni kawaida usishangae na usianze upya.

Mfano: ilianza kwenye 0.96, ikamalizia 0.83, wastani tuseme 0.9. Ilichukua masaa mawili na dakika 50, hiyo ni masaa 2.83. Zidisha, unapata 2.55, yaani 2550 mAh. Kama ganda limeandika 2600 mpe mteja mkono umwambie huyo muuzaji amshikilie. Lakini ile ya 9900 ingetakiwa ikae masaa kumi na moja na balbu inawaka, na utaona inakata saa moja na dakika kumi, ambayo ni kama 1050.

Halafu kwa hesabu hiyohiyo unapata kitu cha ziada bure. Soma volti kabla hujafunga balbu, tuseme 4.18, funga, subiri sekunde kumi, soma tena, tuseme 4.08. Imeshuka 0.10 kwa ampea 0.95, gawanya, unapata ukinzani wa ndani ya betri: kama 0.105 ya ohmu, zaidi ya miliohmu 100. Hiyo ni betri iliyochoka au ya daraja la chini. Seli nzuri mpya ukiipima kwa njia hii ya kienyeji inashuka kama nusu ya hapo au chini zaidi. Na hii ndo inaeleza ile tochi inayowaka vizuri kwenye mwanga mdogo lakini ukiweka mkubwa inapepesa na kuzima, mteja anasema tochi mbovu kumbe betri haiwezi kutoa ampea nyingi kwa mpigo.

Asalaam aleykum fundi. Nina chaja ya vyumba vinne inayoonyesha mAh kwenye kioo. Betri ile ile, chumba cha kwanza imesoma 2900, cha tatu 2650, na nilipoichaji kawaida ikaandika 3100. Niamini ipi? Betri imeandikwa 3500 na nimeinunua ghali, nimeibiwa? (Mama wa duka, Mombasa)

Waaleykum salaam. Hujaibiwa bado, usimrudie muuzaji leo.

Ile 3100 ya wakati wa kuchaji iache kando kwanza. Sio kwamba ni uongo, betri ya lithiamu nzima inarudisha karibu yote uliyoiwekea, zaidi ya asilimia 99, kwahiyo kuchaji na kutoa vinatakiwa vikaribiane. Shida ni kwamba ukiichaji kawaida hujui ilianzia wapi, labda ilikuwa na chaji kidogo imebaki, na hiyo haihesabiwi. Kipimo kinachoaminika ni kile ambacho chaja inajaza mpaka juu, halafu inatoa yote huku inahesabu. Tafuta kwenye kitabu chake ni kitufe gani kinafanya hivyo, chaja hazifanani.

Halafu angalia ni ampea ngapi inatumia kutoa, na inaishia volti ngapi. Hapa ndo watu wanawaonea wauzaji. Namba iliyo kwenye ganda la betri ya kampuni kubwa imepimwa kwa masharti yake, chukua Samsung 35E ambayo kila mtu anaiita ya 3500: karatasi ya kiwanda inaahidi isipungue 3350, ikijazwa mpaka 4.2, ikitolewa polepole kwa 680 mA, mpaka ifike volti 2.65. Kiwango cha kimataifa nacho ni hichohicho cha kutoa polepole, moja ya tano ya ujazo kwa saa, kwenye chumba cha nyuzi 20 hivi. Sasa wewe chaja yako ikitoa kwa ampea moja na ikakata kwenye 2.8 au 3.0, utakosa mia moja, mia mbili, saa zingine zaidi, na hakuna aliyekudanganya. Weka ampea ndogo kuliko zote kwenye menyu, acha usiku kucha (na wewe uwe karibu, sio unaenda Likoni kwa shemeji), uone itasoma ngapi.

Tofauti ya vyumba ni kitu kingine tena. Ncha za hizo chaja ni vibati vya springi, vikiingia vumbi au chumvi ya upepo wa bahari, na Mombasa hiyo iko kwa wingi, vinakula volti njiani, chaja inadhani betri imeisha kabla haijaisha. Futa ncha na vichwa vya betri kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, zungusha betri mara mbili tatu ikiwa ndani ikae sawasawa. Kwa sababu hiyohiyo ile namba ya miliohmu inayoonyeshwa pembeni usiipe uzito, itoe betri uirudishe utaona imebadilika.

Ukifanya yote hayo chumba kimoja, ampea ndogo, ikafika 3200 na kitu, ni nzima. Ikibaki 2650 palepale basi ni seli nzuri ya 2600 iliyovalishwa ganda la 3500, biashara hiyo ipo na ina faida kuliko ile ya 9900 kwasababu hawa wanajua kutopitiliza.

Mambo fundi, mi nina tochi ya USB ambayo betri haitoki, imegundishwa ndani. Nina ile mita ndogo ya USB inayoonyesha volti na ampea. Naweza kuitumia kujua betri ina ngapi? (Mwanafunzi, Dodoma)

Poa. Unaweza, kwa kukadiria. Washa tochi mpaka ijizime yenyewe, ichaji kupitia hiyo mita, tochi ikiwa imezimwa, soma mAh mwishoni taa ya kuchaji ikigeuka. Usiendelee kuiacha baada ya hapo maana mita itaendelea kuhesabu vijiampea vya taa ya indiketa.

Kujua hiyo namba inasema nini lazima ujue saketi ya kuchaji ni ya aina gani. Tochi nyingi za bei ya chini zina ile chipu ndogo ya TP4056 au ndugu zake, na hiyo haibadilishi umeme, inaupitisha tu na kugeuza volti zilizozidi kuwa joto. Ampea zinazoingia ndo zinazofika kwenye betri. Kwahiyo mita ikisema 2000, betri imepokea kama 2000, huna haja ya kuzidisha na 5 na kugawanya na 3.7 kama watu wanavyofanya kwa pawabenki.

Tochi za bei kubwa zina saketi inayobadilisha, na hapo ndo hesabu hiyo inahitajika: 2000 mAh mara volti 5 ni 10 Wh (wati-saa), toa sehemu ya kumi inayopotea zinabaki 9, gawanya kwa 3.7, unapata 2400 na kidogo. Utajuaje uliyonayo ni ipi? Kaa na mita dakika ishirini za mwanzo. Ampea zikiganda palepale huku tochi inapata joto pale kwenye tundu la USB, ni ile ya kwanza. Zikianza ndogo na kupanda polepole kadri betri inavyojaa, ni ya pili. Dakika za mwisho zote mbili ampea zinashuka taratibu, hiyo ni hatua ya kumalizia, isikuchanganye.

Fundi shikamoo, kijana wangu anakusanya betri za laptop zilizokufa kwa mafundi anazibomoa anatoa seli anatengeneza tochi na taa za dagaa anawauzia wavuvi. Nyingine nzuri nyingine zinakufa wiki moja. Azichaguaje, na sio hatari kweli? (Mama, Mwanza)

Marahaba mama, kwanza kijana ana akili, betri ya laptop ikifa mara nyingi imekufa seli moja au mbili na nyingine bado zinafaa. Na ndiyo, hatari ipo, kwahiyo lazima awe na roho ya kutupa.

Akishaitoa seli asiichaji kwanza, aipime. Iliyo chini ya volti 2 asijaribu kuifufua hata kama inakubali, ndani shaba imeshaanza kuyeyuka na kujipaka pasipotakiwa, na ikichajiwa inaweza kujipiga shoti yenyewe kwa ndani siku yoyote, labda akiwa keshaiuza. Yenye kutu, iliyobonyea, iliyochanika ganda mpaka bati linaonekana bila yeye kulivalisha jipya, zote pembeni. Zinazobaki azichaji kwa ampea ndogo, nusu ampea inatosha, akizigusa mara kwa mara. Inayopata joto la kuonekana wakati wenzake wamepoa, aitoe. Zikijaa aziandikie volti kwa kalamu ya maka, aziache kwenye boksi wiki mbili bila kuzigusa. Hii hatua vijana wanairuka kwasababu wanataka hela leo, na ndo hiyohiyo inayotenganisha zile zinazokufa wiki moja. Iliyobaki 4.1 na kitu inakaa na chaji. Iliyoshuka 4.0 na kwenda chini inavuja kwa ndani, hiyo haiuzwi.

Baada ya hapo ndo apime ujazo kwa balbu kama nilivyomwambia fundi wa Kisumu hapo juu. Seli nyingi za laptop zilizaliwa na 2200 mpaka 2600, akikuta 1800 na zaidi ni nzuri kwa kazi ya tochi, kati ya 1200 na 1800 atumie kwenye vitaa vidogo, chini ya hapo mwisho wake umefika. Na kwenye pakiti moja aweke zinazolingana, hasa akizifunga mfuatano kupandisha volti, kwasababu ile dhaifu inaisha kwanza na wenzake wanaendelea kuisukuma mpaka inapitiliza sifuri. Mfuatano bila saketi ya ulinzi (ile inayokata umeme seli ikipitiliza) asimuuzie mvuvi kabisa, yule mtu yuko katikati ya ziwa kwenye mtumbwi wa mbao.

Fundi, salaam kutoka Maskati. Tochi yangu ya kwenda jangwani inatumia 21700 ya 5000 mAh ya kampuni kubwa, nilipoinunua niliipima ikatoa 4900. Inakaa kwenye gari. Baada ya kiangazi hiki nimeipima tena imetoa 4300 na kidogo, na sijaitumia sana. Feki inajificha mwanzo? (Msomaji, Maskati, Omani)

Hapana, hiyo ni orijino na umeipika. 21700 ndo kaka mkubwa wa 18650, milimita 21 kwa 70, gramu karibu 70, na 5000 kwake ni namba ya halali. Ila lithiamu inazeeka kwa kukaa tu, na vitu viwili vinaiharakisha vikikutana: joto na kujaa. Gari lililofungwa kwenye jua la Omani mwezi wa sita ndani linapita nyuzi 60 kirahisi, na wewe bila shaka unaiacha imejaa mpaka juu ili iwe tayari. Hizo mia sita hazirudi, chaji za "kufufua" usiziamini.

Iweke ndani ya nyumba ikiwa kwenye 3.6 mpaka 3.8, uijaze usiku wa kuamkia safari. Na ukipima tena pima kwenye chumba cha baridi ya kawaida, kwa ampea zilezile ulizotumia mwanzo, la sivyo unalinganisha vitu viwili tofauti. Kwenye gari acha tochi ya betri za lithiamu za AA, zile zisizochajika, zinavumilia joto zaidi.

Maswali mafupi

*Naweza kuichana betri feki nione kuna nini ndani?* Usichane. Hata kiseli kidogo cha ndani kina chaji na maji yanayowaka, kisu kikigusa tabaka mbili kwa pamoja kinawasha moto mezani kwako. Mizani na balbu vimeshakuambia, ukitaka kujua rangi ya unga muulize mwingine.

*Betri ina muhuri mwekundu umeandikwa "original" na namba ya siri ya kukwangua, hiyo si uhakika?* Muhuri umechapwa na mtu yuleyule aliyechapa ganda.

*Nimeshajua zangu ni za 1000, nizitupe?* Kama hazipati joto na hazishuki volti zikikaa, zitumie kwenye tochi ndogo ya chooni au redio, hazijakosa kazi. Zile zinazochemka peleka kwa wanaonunua betri chakavu, umeziba vichwa kwa tepu, usizitupe kwenye jalala linalochomwa moto.

*Nimenunua 18650 nzuri, imepima vizuri, gramu 48, lakini haiingii kwenye tochi, mfuniko haufungi.* Pima urefu kwa rula. Ukikuta 68 mpaka 70 badala ya 65, hiyo ni ile yenye saketi ya ulinzi iliyobandikwa chini, ni betri nzuri tu ila tochi yako imetengenezewa ile fupi. Usiilazimishe kwa kukaza mfuniko maana utaibonyeza saketi. Irudishe ubadilishiwe ukiwa bado una risiti, na uende na tochi yenyewe mkononi.